Yai la Mnadani Limefika Wapi?

Ibada ikiisha katika sharika nyingi za KKKT, waumini hawatawanyiki. Nje huanza mnada: mayai, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Mama asiye na fedha ya kutia katika bahasha ametoa alichonacho. Mwenzake hukinunua, pengine kwa bei kupita ya sokoni, na wapo wanaokirudisha kinadiwe tena.

Yai hilo laweza kuwa sare ya shule ya yatima, au nauli ya mwinjilisti aendaye mtaa wa mbali.

Lakini mama mpenzi, kutoa ni nusu ya kazi. Ikitangazwa kwamba mnada ni wa yatima, tuulize kwa upole kikaoni: wangapi wamesaidiwa, na kimebaki kiasi gani? Kuuliza si kukosa imani; ni kuilinda sadaka.