Simu ya Kijana Iwe Chombo cha Elimu

Atokaye Konde kwenda Makangale hupita katikati ya msitu wa Ngezi, akatokea penye mashamba na ufuo. Na mbele zaidi, Ras Kigomasha, uko mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900 kuwaongoza mabaharia. Hiyo ndiyo ncha ya kaskazini ya Pemba. Zamani kijana wa huko aliyetaka kitabu kisichokuwamo darasani kwake hakuwa na budi kufunga safari mpaka Chake Chake, iliko maktaba. Leo vitabu vimo ndani ya simu ya baba yake. Swali letu ni hili: je, kijana huyo ameoneshwa mlango wa kuviingilia, au ameachiwa uwanja wa kuchezea tu?

Yafaa tukumbuke njia tuliyoipita. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa Zanzibar kuwa haki ya kila mtoto bila malipo. Mwaka 2009 waya mkubwa wa mawasiliano upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Mwaka 2010 Pemba ikaungwa na umeme wa Gridi ya Taifa kwa waya uliozamishwa baharini kutoka Tanga. Mambo haya yamegharimu jasho na fedha nyingi za umma. Ni hasara iliyoje ikiwa tunda lake kwa vijana litakuwa picha za mzaha na ugomvi wa mpira usiku kucha!

Wako wazee wasemao simu ni ufisadi mtupu, na dawa yake ni kumnyang'anya mtoto. Hofu yao ina msingi, wala hatuidharau. Lakini kisu kikatacho samaki ndicho kikatacho kidole. Mzazi mwenye busara hukitia mkononi mwa mwanawe akiwa amesimama ubavuni pake. Basi na tuzitaje tovuti zenye faida, ili mzazi ajue la kumwambia mwanawe.

Kwa masomo ya sekondari iko Shule Direct, iliyoanzishwa na Watanzania mwaka 2013, yenye maelezo ya masomo na maswali ya kujipima. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, hata mwanafunzi ambaye darasani wanashirikiana kitabu kimoja watu watatu aweze kukisoma peke yake. Kwa wadogo zao ziko katuni za Ubongo Kids, zilizoanza mwaka 2014, zifundishazo hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi.

Kwa kusoma hadithi iko African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, yenye hadithi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Kijana aweza kusoma, na akitaka aweza kuandika yake.

Tena iko Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Hapa ndipo tungependa vijana wa Makangale wasikie vizuri. Msituni kwao Ngezi wako popo wa Pemba na bundi wa Pemba, na umo mti wa mpapindi. Viumbe hao asili yao ni kisiwa hiki tu duniani. Wataalamu wa mbali wameandika habari zao kwa lugha za kigeni. Kamusi hiyo huandikwa na yeyote mwenye habari za hakika na ushahidi wake. Nani basi angefaa zaidi kuandika habari za Ngezi kwa Kiswahili kuliko mtoto aliyezaliwa ukingoni mwake? Kijana aandikaye hujifunza mara mbili, na taifa huacha kuwa msomaji tu wa maneno ya wengine.

Ama kuhusu mazungumzo ya vijana, hatuwezi kuyazuia. Vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi vyaweza kuwa darasa la pili, wakiulizana maswali ya hesabu na kukumbushana mitihani. Lakini yapasa wajue kwamba Facebook na Instagram haziruhusu mtoto chini ya miaka 13. Kwamba picha ikishatumwa hairudi. Na kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu asambazaye uongo na uchafu. Mtoto akisumbuliwa au akitongozwa na asiyemjua, amwambie mzazi au mwalimu, au apige 116, simu ya msaada kwa mtoto, isiyolipiwa.

Yako mambo mawili yanayotuuma. La kwanza ni gharama. Mvuvi ambaye pato lake hutegemea upepo hawezi kununua vifurushi vya intaneti kila siku, na mwana wa maskini hubaki nyuma ingawa akili anayo. La pili ni mtoto wa kike. Katika nyumba nyingi simu humfikia kaka kwanza. Binti huachiwa ndoo na jiko, kisha tukashangaa matokeo ya mtihani. Hapo hapana haki.

Dawa ipo, wala si ya anasa. Ziko programu, kama Kiwix, ziwezeshazo Wikipedia nzima kuhifadhiwa ndani ya kompyuta na kusomwa pasipo intaneti. Kompyuta moja au mbili katika chumba cha skuli, zikatiwa vitabu na kamusi hiyo, chini ya uangalizi wa mwalimu, zingetosha kuanzia. Pangewekwa saa za wasichana na saa za wavulana, ili asiwepo wa kumsukuma mwenziwe. Wanachama na wafanyakazi waliozoea kujitolea kujenga madarasa kwa mikono yao hawatashindwa na jambo hili, kila mmoja akitoa alicho nacho: huyu fedha, huyu fundi, huyu jioni yake moja ya kuwafundisha vijana.

Ndugu wazazi, msiwaachie vijana simu mkalala, wala msiwapokonye mkadhani mmelea. Kaeni nao, waulizeni leo wamesoma nini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo huingia nyumbani bila kubisha hodi.