Umetoka kwenye ruta, au umeiacha imelala tu?

Haya wadau wa kusini na kwingineko, leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wanaojifunza mambo ya netiweki wanakiruka: sesheni iliyosimamishwa. Sesheni ni kile kikao chako na ruta ya mbali, pale unapoiamuru kwa kuandika bila kwenda ilipo.

Chukulia umepewa ruta mbili za Cisco uzitunze. Moja ipo Mkomaindo hapo Masasi, nyingine ipo Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde. Kupanda Newala ni nauli, na siku ndo imekwenda. Kwa hiyo unakaa zako Masasi, unaingia ruta ya Mkomaindo, na kutokea humo unarukia ya Newala.

Sasa ukiwa Newala unataka kuchungulia kitu Mkomaindo mara moja. Unabonyeza Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja, unaachia, halafu unabonyeza x. Umerudi Mkomaindo. Lakini Newala hujatoka! Ile sesheni imelala, haijafa.

Balaa la kwanza ni Enter. Ukiibonyeza kwenye mstari mtupu, ruta inakurudisha kwenye sesheni ya mwisho. Wewe unadhani bado uko Mkomaindo, unaandika "shutdown" kwenye njia ileile inayokufikisha Newala... kwisha kazi. Umejifungia nje, na itabidi mtu awepo pale kwenye ruta yenyewe. Na si mchezo: msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa mtandaoni wa TMX. Netiweki kukatika siku ya mnada ni hela ya mkulima hiyo. Kwa hiyo kabla ya amri yoyote nzito, soma jina la ruta mwanzo wa mstari.

Amri za kushika ni hizi:

- "show sessions" inakuonyesha sesheni ulizozifungua kutoka ruta uliyopo. Yenye nyota ndiyo ya mwisho.
- "resume 1" inakurudisha kwenye sesheni namba 1.
- "disconnect 1" inaikata moja kwa moja.
- "show users" inaonyesha walioingia kwenye ruta hiyo. Hapa nyota ni wewe mwenyewe.
- "clear line 2" inamtoa aliyepo laini namba 2. Angalia usijitoe mwenyewe!

Balaa la pili ni laini kujaa. Ruta nyingi za Cisco huwa na laini 5 za kuingilia kwa mbali, 0 mpaka 4. Umeme ukikatika kwako ukiwa ndani, ruta ya kule haijui kama umeondoka, inakushikia nafasi. Kwa kawaida ikiona kimya cha dakika 10 inakutoa. Ila kuna mafundi hawapendi kutolewa, wanaweka "exec-timeout 0 0", maana yake usinitoe milele. Sesheni 5 zikifa hivyo, siku ya dharura unagonga mlango haufunguki. Weka "exec-timeout 5 0", dakika 5 zinatosha. Ongeza na "service tcp-keepalives-in", ili ruta iwe inachungulia kama mtu wa upande wa pili bado yupo.

La tatu linawahusu watu wa kafe. Muda wako ukiisha kioo kinajifunga, lakini programu uliyoiacha inaweza kuwa bado ipo wazi nyuma yake. Anayekaa baada yako anapata funguo za Mkomaindo, na kama kuna sesheni imelala, na za Newala pia. Na ukitumia Telnet paswedi inapita uchi. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, Mfini wa huko Helsinki, alitengeneza SSH baada ya paswedi kudukuliwa kwenye netiweki ya chuo chake. Tumia hiyo.

Basi kabla ya kuinuka: "show sessions", kata zote, andika "exit", ndipo ukalipe.

Wewe laini zikijaa huwa unafanyaje? Mwaga maujuzi hapo chini, tupo pamoja.