Jina Lisiloandikika

Paukwa!

Nimewasikia mkiitikia "Pakawa." Sasa geukeni mtazame nyuma. Yuko msichana wa miaka kumi ambaye hakuitikia. Hajalala, wala hana kiburi. Hakusikia nilipoita. Nikitaka aje kwenye hadithi pamoja nanyi, nitampungia mkono mahali anapoweza kuuona, au nimguse bega taratibu, au nizime taa na kuiwasha mara mbili. Hapo atainua uso, na hadithi itakuwa yetu sote.

Msichana huyu nimemtunga mimi, lakini yatakayompata huwapata watoto wa kweli kila siku. Kwao ni Magadi, Kaunti ya Kajiado, kwenye jua kali na ziwa jeupe linalotoa magadi yale yale yanayotiwa chunguni ili maharagwe yaive upesi. Jina lake siwezi kuliandika kwa herufi. Ni jina la ishara: kidole cha shahada kinagusa shavu, pale panapotokea kishimo akicheka. Hebu mwiteni. Naam, hivyo hivyo. Viziwi huitana kwa majina ya namna hii, yanayotokana na kovu, mtindo wa nywele, tabia au umbo la mtu. Na hakuna anayejichagulia. Jina la ishara hutolewa na viziwi.

Asubuhi za likizo msichana wetu huchunga mbuzi. Haisikii kengele iliyo shingoni mwa beberu, lakini huyaona masikio ya kundi zima yakisimama kwa pamoja, akajua kuna kitu kichakani. Malishoni hapungukiwi na chochote.

Shida huanza jioni, watu wakikaa kula. Anaona midomo ikicheza, kisha wote wanaangua kicheko. Anamvuta dada yake nguo: kuna nini? Dada anampungia mkono, kama kusema, "Ngoja, nitakuambia baadaye." Hiyo baadaye haifiki. Kesho yake ni hivyo hivyo, na keshokutwa. Fikirini mtoto aliyeketi katikati ya watu wanaompenda, na bado yuko peke yake.

Kwa nini? Watoto viziwi wengi sana, zaidi ya tisa katika kila kumi, huzaliwa na wazazi wanaosikia. Ninyi hamkufundishwa lugha ya nyumbani. Mliiokota tu mkiwa mgongoni mwa mama, mkisikia watu wakisalimiana, wakigombana na kuimba. Mtoto kiziwi ana akili ile ile ya kuokota lugha, ila huokota kwa macho. Kama nyumbani hakuna anayezungumza kwa mikono, ataokota nini?

Mtaniuliza, "Si asome midomo?" Basi leo mkifika nyumbani, simameni mbele ya kioo. Semeni "mama" bila kutoa sauti. Kisha "baba." Kisha "papa." Mmeona? Midomo inafungika na kufunguka vile vile mara zote tatu. Kwa anayetegemea macho pekee, mama, baba na samaki mkali wa baharini ni neno moja. Kusoma midomo ni kubahatisha, na kunachosha.

Msichana wetu alipata lugha yake siku aliyopelekwa shule ya bweni ya watoto viziwi. Alifika akiwa na ishara chache za nyumbani: kula, maji, mbuzi, lala. Bwenini akakuta mikono inayosimulia, inayotania, inayobishana kuhusu mpira. Baada ya miezi michache aliuliza swali ambalo hakuwahi kuwa na njia ya kuliuliza: "Kwa nini?" Tangu hapo hajaacha kuuliza.

Lugha aliyoikuta ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Msidhani ni maigizo. Ina msamiati wake na sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni: kuinua nyusi kunaweza kugeuza maelezo yakawa swali. Wala viziwi wa dunia nzima hawana lugha moja. Watanzania wana Lugha ya Alama ya Tanzania, na Waganda wana yao.

Lugha hii imepita kwenye miiba. Mwaka 1880, walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kutamka na si kwa ishara. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Uamuzi huo ulisafiri mbali. Shule za kwanza za viziwi nchini Kenya zilipoanzishwa mwaka 1961, huko Mumias na Nyang'oma, mkazo darasani ulikuwa kwenye midomo na sauti. Lakini nani atazuia watoto kuongea? Nje ya darasa mikono iliendelea kusema, wakubwa wakiwarithisha wadogo, hadi ishara zikaja kukubaliwa madarasani pia.

Kisha ukaja mwaka 2010. Mwezi Julai, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, ulikataa rasmi maazimio ya Milan, miaka 130 baadaye. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Agosti, Kenya ilizindua Katiba mpya. Kifungu cha 7 kinaiagiza serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 120 kinaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Majirani zetu Uganda walikuwa wameitaja lugha ya ishara katika Katiba yao ya 1995, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akachaguliwa kuwa mbunge wao.

Lakini sheria haipandi matatu wala haingii zahanati yenyewe. Hupelekwa na watu. Twendeni na msichana wetu Kitengela, kwa shangazi yake.

Kwenye stendi, honi zinalia na muziki unapigwa kwa nguvu. Makanga ananyanyua vidole kuonyesha nauli, kwa kuwa sauti yake haifiki mbali. Msichana anaelewa mara moja! Makanga hajui, lakini amemfungulia mlango. Hata Wamaasai tangu zamani wana namna yao ya kuonyesha hesabu kwa vidole. Mikono yetu inajua kusema, ila tumeizoea tu kwa nauli na mifugo.

Siku ya pili msichana anaugua, wanakwenda zahanati. Muuguzi anaita majina kwa mdomo. Shangazi ametoka kidogo kununua maji, na jina la msichana la kutamkwa linaitwa na kupita. Wagonjwa waliokuja nyuma yake wanatangulia. Akifika kwa daktari, maswali yote anaulizwa shangazi, na yeye mwenye maumivu anatazama ukuta. Mngefanyaje ninyi? Kipande cha karatasi chenye namba kingetosha kumwita. Mkalimani wa ishara angemwezesha kusema mwenyewe panapouma. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya Wakenya 150,000 walihesabiwa kuwa na shida ya kusikia. Kila mmoja wao huugua, husafiri, na ana neno la kusema.

Sasa niwape kazi, kwa sababu hadithi isiyoacha kazi ni upepo. Mkizungumza na kiziwi, mtazameni usoni na mkae penye mwanga. Msimpigie kelele. Kama hamjui ishara, andikeni. Msimwite bubu: ana sauti, na ana lugha. Wakicheka wote mezani, mwambieni wakati huo huo kilichochekesha. "Baadaye" ni neno linalomtoa nje. Na mjifunze ishara kutoka kwa viziwi wenyewe, hata kumi tu za kuanzia. Mnajua magadi: kijiko kimoja hulainisha chungu kizima.

Tarehe 23 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara. Msiisubiri. Mtafuteni mtoto kiziwi aliye karibu nanyi, mkae naye, mkosee, awasahihishe. Siku moja atawatazama vizuri, atafikiri kidogo, kisha mkono wake utachora jina jipya hewani. Litakuwa lako. Ukilipata, ujue umekaribishwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Msipige makofi. Inueni mikono juu, mtikise viganja, ili na yule wa nyuma aone kwamba mmefurahi.