Kioo kizuri hakitoshi, kagua na kivinjari

WAFANYABIASHARA wanaonunua kompyuta zenye skrini za kisasa, iwe kwa matumizi ya ofisi au kwa kuuza tena, wanashauriwa wasiridhike na mng'aro wa kioo. Wakague pia programu ya kufungulia kurasa za intaneti, yaani kivinjari. Skrini yenye nukta (pikseli) nyingi huongeza bei ya mashine, lakini kivinjari kisichoitambua huifanya nyongeza hiyo kuwa hasara.

Mfano mzuri ni wa Juni 2012, kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa MacBook Pro ya inchi 15 yenye skrini iitwayo Retina. Bei ilianzia dola 2,199, wakati yenye skrini ya kawaida ilianzia dola 1,799. Retina ilikuwa na nukta 2,880 kwa 1,800, ambazo ni zaidi ya milioni 5 na ni mara nne ya zile 1,440 kwa 900 za kawaida.

Safari, kivinjari cha Apple yenyewe, kilikuwa tayari tangu mwanzo. Hata hivyo, watumiaji wa Chrome waliona maandishi yenye ukungu hadi toleo la 21 lilipotoka mwishoni mwa Julai. Wa Firefox walisubiri toleo la 18, Januari 2013.

Kwa upande wa Windows, Firefox ilianza kufuata kipimo cha ukuzaji kilichowekwa na mtumiaji katika toleo la 22, Juni 2013. Chrome iliboresha herufi zake katika toleo la 37, Agosti 2014.

Chanzo cha tatizo ni hiki. Windows huanzia kipimo cha nukta 96 kwa inchi. Kompyuta ya mkononi ya inchi 15.6 yenye nukta 3,840 kwa 2,160 ina nukta zipatazo 282 kwa inchi, hivyo bila kukuzwa herufi hubaki karibu theluthi ya ukubwa wake. Kivinjari kinachotambua skrini huchora herufi upya kwa nukta zote. Kisichotambua huchora ndogo, kisha Windows huivuta picha nzima, na hapo ndipo ukungu huingia.

Vivinjari vya leo vimemaliza tatizo hilo, lakini mashine zilizotumika bado zina mitego. Chrome, kwa mfano, iliacha Windows 7 kuanzia toleo la 110, Februari 2023, hivyo mwenye mfumo huo amekwama kwenye toleo la 109.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wenye maandishi mengi, weka ukuzaji wa asilimia 150 kisha 200, na usome. Herufi zikiwa na ukungu, angalia toleo la kivinjari kabla ya kulaumu skrini. Kama mfumo haukubali toleo jipya, punguza bei unayotoa.

Wenye maduka ya intaneti nao wana hesabu yao. Picha ya bidhaa ya nukta 400 kwa 400 huhitaji 800 kwa 800 ili ionekane safi kwenye ukuzaji wa asilimia 200, yaani nukta mara nne, na mteja ndiye anayelipia kifurushi. Dawa ni kuweka picha za ukubwa tofauti na kumtaka fundi wa tovuti atumie srcset, inayokiachia kivinjari kichague inayofaa. Mwenye skrini ya kawaida hatapakua asichokihitaji.