Baiolojia, Kijerumani na Kupe wa Wangari Maathai

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, huku Mombasa swali huwa moja: huyu binti atasomea nini? Na tunataka jibu la neno moja. Udaktari. Uhasibu. Akisema baiolojia pamoja na lugha, ataambiwa bado hajijui.

Wangari Maathai alisoma hivyo hivyo. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani, akaingia Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake kilichoendeshwa na watawa wa Kikatoliki huko Kansas. Vyuo vya namna ile havimfungi mwanafunzi kwenye fani moja: hushika somo kuu, akaongeza mengine yaliyo mbali nalo. Yeye alishika baiolojia, akaongeza kemia na Kijerumani. Kijerumani! Mzazi wa kwetu angeuliza kitamlisha nini. Basi baadaye, akifanya kazi ya anatomia ya mifugo pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda kufanya utafiti Ujerumani. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Lakini mimi hupenda zaidi habari ya kupe. Alikuwa akiwachunguza kwa sababu ya ugonjwa wanaowaambukiza ng'ombe, na kazi hiyo ikamtoa maabarani hadi mashambani. Huko akaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake akawasikia kina mama wa vijijini wakilalamikia kuni na maji. Akaona ni jambo moja. Tarehe 5 Juni 1977 msafara ulitoka KICC kwa miguu hadi Kamukunji, ikapandwa miti saba. Ndipo lilipoanzia vuguvugu la Green Belt. Leo taasisi yenye jina lake iko Upper Kabete.

Wellesley, chuo kingine cha wanawake Marekani, kina siku kila mwaka ambapo masomo husimama na wanafunzi wa fani zote huwasilisha kazi zao mbele ya wenzao. Sisi mashindano ya sayansi tunayaweka kwake na ya drama kwake, na waamuzi hawajuani. Shule zetu za wasichana hapa Pwani zingeweza kuanza na alasiri moja tu, ukumbi mmoja, wazazi wakaalikwa: wa kemia aeleze, wa ushairi amsikilize, kisha amuulize maswali.