Jina Moja, Makundi Mawili

Muhula huu wenzangu wawili wa bweni walikosana kwa ajili ya jina. Mmoja alisema Fun Factory ni wanamuziki wa Ujerumani. Mwenziwe akasema ni wachekeshaji wa hapa Kampala. Wakaitana waongo, wasisemezane siku tatu. Nilipochungua, niliona wote wawili walisema kweli.

Fun Factory ya kwanza ilianzishwa mjini Hamburg mwaka 1992, ikapiga muziki wa dansi. Ya pili ilizaliwa hapa kwetu: waigizaji waliotoka katika Theatre Factory waliunda kundi jipya, wakachekesha watu katika Ukumbi wa Michezo wa Taifa. Anne Kansiime naye alipitia humo.

Je, huu ni wizi? Sivyo. Maneno hayo ni ya kawaida, maana yake kiwanda cha furaha. Tena alama ya biashara hulindwa katika nchi ilikoandikishwa, kwa kazi iliyotajwa.

Ugomvi mkali huja ndugu wanapogawana nyumba. Wenge Musica ya Kinshasa ilipogawanyika mwaka 1997, JB Mpiana alibaki na Wenge BCBG, Werrason akaunda Wenge Maison Mère. Kila upande ulishika jina la Wenge, kwa kuwa jina ndilo liletalo watu mlangoni.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kumwita mwenzako mwongo, muulize kwanza: "Kundi lipi?" Darasani mwetu wamo akina Mukasa wawili, wala hakuna aliye wa uongo.