Paka wa ghala asiyemkimbia mbwa

MFANYABIASHARA wa mahindi na maharage aliye Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo ana wezi wa aina mbili. Mmoja huja usiku kwa miguu miwili, na dawa yake ni mbwa. Mwingine hupenya chini ya mlango na kutoboa gunia kabla mzigo haujavuka mpaka. Dawa yake ya tangu zamani ni paka.

Tatizo huanza dawa hizo mbili zinapokutana chini ya paa moja. Wengi hutafuta mtoto wa mbwa kwanza, na panya wanapozidi ndipo huleta paka. Mbwa humfukuza, paka hukimbia, na baada ya siku chache haonekani tena. Paka akiondoka, panya hutawala.

Anayekata tamaa hugeukia sumu. Hapo hasara inaweza kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mbwa au paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa. Ndiyo maana kuchagua paka sahihi tangu mwanzo ni jambo la kibiashara.

Yupi anafaa?

Wengi huchukua kitoto cha paka wakiamini kitakua pamoja na mbwa. Kinaweza kuzoea, lakini mbwa wa miezi minne au mitano ana nguvu na hajui kipimo. Anaweza kukiumiza kwa mchezo tu. Isitoshe, kitoto hukimbia ovyo, na kinachokimbia humfanya mbwa afukuze.

Kwa ghala lenye mbwa mchanga, chaguo salama zaidi mara nyingi ni paka mkubwa, mtulivu, aliyewahi kuishi na mbwa. Huyo husimama mahali pake, na mbwa akizidi humpiga kofi moja la kumfundisha adabu. Anayetaka kitoto achague kilichozaliwa kwenye nyumba yenye mbwa mpole, maana paka huzoea viumbe wengine kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Asikitoe kwa mama kabla ya wiki nane. Mama akiwa mwindaji ni faida, kwa sababu watoto hujifunza kuwinda kwake.

Rangi haina uzito. Cha kutazama ni tabia. Mnunuzi aende na mbwa wake akiwa kwenye kamba, asimame mbali, amwangalie paka. Akitazama kisha akaendelea kujilamba au kula, huyo anafaa. Akifura na kutoa sauti ya kuonya bila kuondoka, bado anaweza kuzoea. Akitoroka na kujificha muda mrefu, au akimrukia mbwa kutoka mbali, aachwe.

Wiki za mwanzo

Paka akifika, afungiwe chumba chake kwa siku kadhaa, akiwa na chakula, maji na sanduku la mchanga. Kipande cha gunia alicholalia apewe mbwa anuse, na cha mbwa apelekewe paka. Baadaye waonane mbwa akiwa amefungwa kamba, ameshiba na amechoka. Akitulia, apewe kitu kitamu. Samaki mkunje angali mbichi: mbwa anayezoeshwa leo hatafukuza paka kesho.

Wasiachwe peke yao hadi mwenye ghala aridhike, na hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa. Paka awe na mahali pa juu pa kupanda, hata kama ni rundo la magunia. Chakula chake pia kiwekwe juu. Hawezi kuishi kwa ugali wa mbwa, anahitaji nyama au dagaa. Kumshindisha njaa ili awinde ni kosa, kwani paka aliyeshiba huwinda vilevile, na mwenye njaa huhamia kwa jirani.

Paka naye ana mipaka yake. Hukamata zaidi panya wadogo, na yale makubwa mara nyingi huyakwepa. Matundu yazibwe, na magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kabla ya kuvuka

Wafanyabiashara wengi hupewa paka na ndugu au mteja wa upande wa pili. Undugu hauondoi sheria. Hata kwenye kituo cha huduma kwa pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, mnyama huhitaji hati ya chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya cha daktari wa mifugo na kibali cha nchi anakokwenda. Kumficha ndani ya mzigo ni kuhatarisha mzigo wenyewe.

Chanjo hiyo, ambayo kwa kawaida huanza mnyama akiwa na miezi mitatu, ni ya lazima kwa usalama wa wote ghalani. Paka pia huambukiza kichaa cha mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.